Ndege Iliyojidhania Gari

Injini ilizimika katika jaribio la mia tisa na tatu.

Kalunde Mihayo hakusogea. Alibaki kwenye kiti chake cha mbao, kalamu mkononi, akisikiliza propela ikipunguza mwendo mpaka ikasimama. Nyuma ya wavu wa chuma injini iliendelea kutoa joto na harufu tamu ya spiriti ya muhogo iliyokuwa mafuta yake. Aliangalia saa ya ukutani, akaandika: saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Kisha akainuka, akajinyoosha kiuno kilichokaza, akaenda kuangalia taa.

Ubao ulikuwa umefungwa ubavuni mwa injini, ukubwa wake kama daftari la shule. Kwenye kona yake kulikuwa na taa mbili ndogo kama punje za mtama. Ya bluu ilimaanisha ndege. Ya kijani ilimaanisha gari. Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote za wiki tatu zilizopita, aliuwasha ubao ukiwa umewekwa kuwa wa ndege, na taa ya bluu ikawaka mbele ya macho yake. Sasa iliyokuwa ikiwaka ni ya kijani.

Ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alidhani ni waya umelegea. Mara ya pili, siku sita baadaye, alibadilisha nyaya zote, kisha akabadilisha na ubao wenyewe. Safari hii hakuwa na kitu kingine cha kubadilisha.

Akarudi kwenye kiti, akakaa.

Pazi Mwinshehe aliingia na chupa ya chai na vikombe viwili vya bati. Alikuwa fundi wa injini za treni kabla mikono yake haijaanza kutetemeka, Mzaramo aliyeletwa Tabora na reli akiwa kijana na ambaye hakurudi tena kwao. Kwa miaka kumi na moja sahihi yake ilikuwa ya pili katika kila mchoro uliotoka kwenye karakana hiyo, chini ya sahihi ya Kalunde.

"Imekufa tena?"

"Imekufa."

"Nyie Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo kichwani. Mkiachiwa injini mnaiua."

"Mimina chai, Mzaramo. Leo sina nguvu za utani."

Pazi alimtazama. Walikuwa wamefahamiana miaka thelathini na hakuwahi kumsikia akisema neno hilo, hata siku alipomzika mume wake. Aliweka chupa chini, akavuta kigoda.

"Niambie."

"Ubao ukiwaka, kabla ya kitu chochote, unajiuliza swali moja. Niko kwenye gari, au niko kwenye ndege?"

"Na ile rezista ya pembeni inaujibu. Najua. Ya kwanza niliilehemu mimi."

"Inaujibu kwa volti. Zikiwa nyingi, ndege. Zikiwa chache, gari. Sasa chukua ndege yenye betri nzee na alteneta iliyochoka. Rubani awashe pampu, taa na redio kwa pamoja. Umeme unashuka. Ubao unazimika kidogo tu, kama kupepesa jicho, halafu unawaka tena. Unajiuliza swali lile lile. Lakini umeme bado haujapanda."

Kikombe cha Pazi kilisimama nusu ya njia. "Unasikia gari."

"Unasikia gari. Na gari gani linazunguka mizunguko elfu tano kwa dakika, saa nzima, bila kupumua? Unadhani dereva amezimia, au kanyagio limekwama. Unaikinga injini. Unakata mafuta, ili mtu aegeshe pembeni."

Hakuna aliyehitaji kusema kwamba angani hakuna pembeni.

Ule ukataji wa mafuta lilikuwa wazo la Kalunde mwenyewe, na kwa gari lilikuwa wazo zuri. Kwa maelezo ya watu waliokuwa wakimwandikia, lilikwisha kuokoa malori mawili kwenye mteremko wa Sekenke na basi moja la wanafunzi. Na kuwa na ubao mmoja kwa gari na ndege, hilo pia lilikuwa lake. Asubuhi ile magari yalipokataa kuwaka nchi nzima, kwa sababu watengenezaji wa mbali waliacha kuyapa ruhusa, hapakuwa na fedha wala vipuri vya kutengeneza mbao za aina mbili. Alikuwa fundi redio tu wakati huo, mwenye duka la futi nane kwa sita karibu na stesheni. Alichora ubao mmoja. Aliweka rezista moja pembeni ya kusema huu ni wa nini. Akauachia mchoro wote kwa kila mtu, bure, ili anayeweza kushika chuma cha kulehemu aweze kufufua injini. Makasha ya kompyuta za magari yaliyotoka viwandani na kufa siku ile bado walikuwa nayo. Pazi alikuwa ameyatumia kujengea ngazi ya mlango.

Sasa magari elfu nne na kitu yalitembea kwa ubao huo. Na ndege ndogo sitini na moja.

"Mara tatu katika mia tisa na tatu," Pazi alisema. "Si nyingi."

"Kwa betri ninayoishusha mimi kwa makusudi. Huko nje sijui."

"Basi tuseme hujui." Alikunywa chai yake taratibu, na Kalunde akatambua kwamba alikuwa anapanga maneno. "Ukiandika kwenye Daftari kwa alama nyekundu, Idara ya Anga inazilaza ndege zote leo hii. Mpaka mkaguzi aifikie kila moja. Mwaka juzi, kwa kosa la kifuniko cha tangi, walitumia siku arobaini na moja. Na huu ni mwezi wa nne. Barabara ya Mpanda imekatika sehemu nne. Urambo wanakula dawa inayoshuka kwa ndege. Ukiandika kwa bluu, ni maboresho tu. Faili jipya linatoka Ijumaa, kila fundi anabadili rezista moja, siku tisa kazi imekwisha. Hakuna ndege iliyolala. Hakuna mgonjwa aliyekosa."

"Na katika siku tisa hizo marubani wanaruka bila kujua."

"Wanaruka kama walivyoruka jana."

Kalunde aliufikiria ushauri huo bila haraka, kama alivyofikiria mambo yote. Haukuwa ushauri wa mtu mbaya. Aliuhesabu kwa njia zote alizozijua, na kwa hesabu ulikuwa unapita. Kanuni ya Daftari, kitabu cha makosa kinachosomwa na mafundi na marubani wote kwenye simu zao, ilisema anayeona kosa analiandika mwenyewe, kwa jina lake, kabla jua la siku hiyo halijazama. Haikusema kwa rangi gani. Rangi ilikuwa juu ya dhamiri ya mwandishi.

"Na Katabi?" aliuliza.

Pazi aliweka kikombe chini.

*

Rubani Katabi alianguka na ndege yake miezi mitano iliyopita kwenye msitu wa Ugalla, akiwa peke yake, akirudi kutoka kupeleka chanjo. Ndege haikuungua. Tangi lilikuwa limechanika na ndani yake hapakuwa na hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla watu hawajafika, na spiriti ya muhogo ikioshwa na mvua haiachi harufu. Kwa hiyo wachunguzi waliandika: mafuta yaliisha, rubani hakukagua.

Ubao wake uliletwa kwenye karakana. Kumbukumbu yake ya mwisho ilisema gari. Kalunde aliitazama kumbukumbu hiyo siku nzima, kisha akaandika kwa mkono wake kwamba iliharibiwa na kishindo. Alikuwa na sababu. Hakuna ubao uliowahi kujidhania kitu kingine. Lakini sasa, akiirudia ile siku, alijua pia kwamba alikuwa amechoka, na kwamba jibu la mafuta lilikuwepo tayari na lilikuwa jepesi.

Na halafu kulikuwa na msiba. Katabi alikuwa Mnyamwezi na Pazi alikuwa mtani, kwa hiyo matanga yalikuwa na kazi yake, na aliifanya. Siku ya kuondoa tanga, watu walipokuwa wamechoka kulia, alijifunga taulo begani kama Katabi alivyozoea, akazunguka debe tupu akiligonga kwa vidole, akibisha hodi, akisubiri kukaribishwa, akilitegea sikio. "Hamna watu," akasema, akapanda juu ya benchi kurusha ndege. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mama yake Katabi alicheka. Ndiyo kazi ya mtani.

Lakini lile jambo halikubaki pale matangani. Marubani walilichukua. Kabla ya kuruka walianza kugonga tangi kwa vidole na kusema, "Hodi, Katabi." Kwanza wa Tabora, halafu wa Mpanda, halafu wa Kigoma. Walimu wa urubani waliwafundisha wanafunzi. Vijana ambao hawakumjua kabisa walikuwa wanalitaja jina lake kila asubuhi, na walilitaja kama jina la mzembe.

"Nilikuwa nafanya haki yangu ya utani," Pazi alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa chini. "Na hiyo bluu sikuitaja kwa ajili ya kujificha. Nataka uamini hivyo."

"Naamini."

"Mimi mwenyewe sina hakika."

Kalunde alichukua kanga yake kwenye msumari. "Nakwenda kwa mama yake."

"Kumwambia nini?"

"Bado sijui."

"Nakuja na wewe," Pazi alisema.

*

Mama Katabi alikuwa nyuma ya nyumba yake, Kiloleni, akichuja asali kwenye kitambaa cha kaniki. Alikuwa na ndoo tatu mbele yake na mikono ilimnata mpaka viwikoni. Aliwaitikia bila kuinuka.

"Mtanisamehe mkono. Kaeni. Na huyu Mzaramo leo amekuja bila kelele, anaumwa?"

"Anaumwa kidogo," Kalunde alisema.

"Mpe asali."

Kalunde alimweleza. Alieleza polepole, kwa maneno ya kawaida, kama alivyomweleza Pazi, isipokuwa hakutaja volti. Alisema ndege ilijidhania gari. Alisema jina la Katabi mara moja tu, na alisema kwamba karatasi ile ya kishindo aliiandika yeye. Mama Katabi aliendelea kukamua kitambaa. Asali ilishuka kwa uzi mwembamba, ikakatika, ikashuka tena.

"Kwa hiyo mafuta yalikuwepo."

"Sina uthibitisho. Lakini naona yalikuwepo."

"Alikagua?"

"Hatutajua, mama. Ila hapakuwa na kosa lake katika kuzimika."

Mama Katabi alitikisa kichwa taratibu. Kuku alipita karibu na ndoo, akamfukuza kwa mguu.

"Mkiandika, inakuwaje?"

Kalunde alimweleza na hilo. Nyekundu, ndege sitini na moja, siku arobaini, mvua. Na bluu, siku tisa, bila mtu kujua kwa nini.

"Sasa mmekuja kuniuliza mimi."

Kalunde aliiangalia ile asali ikishuka.

"Mmekuja kuniomba ruhusa," Mama Katabi alisema. Hakuwa amepandisha sauti. "Nikisema andikeni nyekundu, kesho akikosa ndege mtoto wa mtu, mtasema mama wa marehemu alitaka. Nikisema bluu, mtalala usingizi. Hapana. Mzigo huo ni wenu. Mimi nina wangu."

"Ni kweli," Kalunde alisema.

"Wewe Kalunde nakujua, hukuwa na nia mbaya. Na wewe mtani." Aligeuka kwa Pazi. "Ulifanya vizuri siku ile. Nilicheka. Tangu siku ile nimekaa na kile kicheko. Nilikuwa najiambia, angalau alikosea kweli, kwa hiyo sikumcheka bure. Sasa na hicho mmenichukulia."

Pazi aliiweka mikono yake katikati ya magoti.

"Nendeni," Mama Katabi alisema. "Jua halisubiri. Na beba asali yako, Mzaramo, nimekwisha kusema upewe."

*

Kalunde aliandika saa kumi na dakika tano. Alama nyekundu. Hakurefusha.

"Ubao wa umma, toleo la tano hadi la saba, kwa matumizi ya ndege. Umeme ukishuka angani na ubao ukawaka upya, unaweza kujisoma kuwa wa gari na kuikata injini mafuta. Imetokea mara tatu katika majaribio 903. Kosa ni la mchoro. Mchoro ni wangu. Maelezo niliyoandika mwezi wa kumi na moja kuhusu ndege ya rubani Katabi Sizya, kwamba kumbukumbu ya ubao iliharibiwa na kishindo, nayafuta. Naona ubao ulisema kweli. Marekebisho yanayopendekezwa yako kwenye mchoro ulioambatishwa, hayajajaribiwa. Kalunde Mihayo, Tabora."

Pazi alisoma mara mbili, akaweka sahihi ya pili. Katika dakika sita Idara ya Anga ilikuwa imetuma agizo kwa marubani wote. Dirishani waliona vijana wawili wa uwanja wakisukuma ndege moja kuirudisha bandani, wakiwa hawana haraka.

Simu ililia saa kumi na nusu. Ilikuwa Nyamizi, rubani wa miaka ishirini na saba ambaye Kalunde alimfundisha kusoma michoro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Inyonga. Nimesoma." Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu na mtoto mchanga analia. "Nina mama hapa amejifungua asubuhi, damu haikatiki. Nesi anasema akiba yao ya damu imekwisha tangu Jumatatu. Nilikuwa nimeshamlaza ndani ya ndege, ndipo ujumbe ukaingia. Sasa niambie, mara tatu katika mia tisa ni nyingi au ni chache?"

"Betri yako ina umri gani?"

"Ni ya zamani kuliko leseni yangu."

"Basi kwako si tatu katika mia tisa. Ni zaidi. Ni ngapi sijui, sijapima."

"Nikiruka bila redio, bila taa?"

"Itapungua. Haitakwisha."

Kalunde alisikia mtu akimuuliza jambo na yeye akijibu, "Subiri, dada, subiri kidogo."

"Mama, kuna ule mchoro ulioambatisha."

"Upo."

"Ni waya mmoja tu."

"Ni waya mmoja. Sijaujaribu. Niliuchora leo mchana kwenye karatasi." Kalunde alifunga macho. Kanuni ya alama nyekundu ilikuwa na mstari unaosema kwamba hakuna mkono utakaogusa ubao wa ndege iliyolazwa mpaka mkaguzi afike, na kwamba mwenye mchoro atakayeelekeza vinginevyo anapoteza haki ya kuchora. Aliuandika mstari huo yeye, miaka minane iliyopita, baada ya fundi mmoja wa Kahama kurekebisha kitu kwa simu na mtu kupoteza vidole. "Sikiliza, Nyamizi. Mambo ni mawili. La waya nitalibeba mimi. La kuruka huwezi kunipa mimi, nami siwezi kukupa. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Una waya?"

"Nina wa kuchajia simu."

"Ukate. Umenye sentimita moja kila upande. Fungua kasha. Rezista ya pembeni, karibu na taa, unaiona?"

"Naiona."

"Mguu wa juu. Zungushia waya hapo, mara tatu, ukaze. Upande wa pili unakwenda kwenye mguu wa kwanza wa chipu kubwa, ule wenye nukta nyeupe. Hapo ndipo chipu inapokula umeme wake. Ukiunganisha hivyo, umeme ukishuka, anayeuliza na anayejibu wanashuka pamoja. Jibu halibadiliki."

Ilichukua dakika tisa. Pazi alisimama karibu na simu, midomo ikisogea kwa kila hatua kana kwamba ni yeye anayefunga. Nyamizi aliwasha swichi. Taa ya bluu. Akazima, akawasha. Bluu. Akawasha kila kitu kwa pamoja, pampu, taa, redio, injini ikiwa chini. Bluu.

"Nazima redio na simu," alisema. "Ni kama saa moja mpaka huko."

"Sawa."

"Usinisubiri uwanjani, mama. Utanitia wasiwasi."

Simu ilikatika. Kalunde alivuta Daftari, akaanza kuandika tena. Pazi alimshika mkono.

"Subiri afike kwanza."

"Akifika nitaandika kama mtu aliyepatia. Asipofika nitaandika kama mtu anayejitetea. Sasa hivi bado sijui kitu, ndio wakati wa kuandika."

Aliandika kwamba saa kumi na nusu jioni alimwelekeza kwa simu rubani aliyekuwa Inyonga kuunganisha waya usiojaribiwa kwenye ubao wa ndege iliyolazwa. Aliandika sababu kwa sentensi moja. Aliandika kwamba uamuzi wa waya ulikuwa wake. Akaweka jina. Pazi alitaka kuweka sahihi chini yake, akakataliwa.

"Hili hukulifanya."

"Nilikuwa nimesimama hapa."

"Kusimama si kosa, Mzaramo. Nenda uwanjani ukatazame mbinguni, wewe hujakatazwa."

Ndege ilitua saa kumi na moja na dakika hamsini, taa zikiwa zimezimwa, chini ya wingu zito. Kalunde aliisikia tu. Alisikia injini ikishusha sauti, magurudumu yakigusa, halafu gari la hospitali likiondoka. Hakuinuka. Alikuwa ameweka paji la uso juu ya meza ya majaribio, kwenye chuma chenye baridi, na alikuwa hawazi chochote.

Mtu wa Idara alipiga kabla ya saa kumi na mbili. Alijitambulisha kwa jina la Haule, alikuwa na sauti ya mtu aliyetumwa.

"Bi Kalunde, kuna maandishi mawili ya leo yenye jina lako. Ya pili nimeyaona. Nilitaka kujua kama ni wewe kweli, au mtu ametumia jina lako."

"Ni mimi."

"Unajua maana yake."

"Mstari ule niliuandika mimi, bwana."

Haule alikohoa. "Dada yangu yuko Inyonga," alisema, halafu akasita kama mtu aliyejuta. "Barua itakufikia kesho asubuhi. Pole kwa kazi."

*

Barua ilisema asiguse ubao wowote wa ndege, chuma chochote cha kulehemu, wala Daftari, mpaka shauri lake lisikilizwe. Haikusema asikae mlangoni. Kwa hiyo asubuhi aliweka kiti chake cha mbao nje ya kizingiti, akakaa na mikono mapajani, akamtazama Pazi akijitahidi juu ya meza. Wakaguzi walitaka ubao wa mfano uliorekebishwa kabla hawajaanza safari, na katika karakana yote hakuna mwingine aliyejua meza ile ila wao wawili.

"Siyo hapo. Kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwa ubao."

"Ubao hauna kushoto. Nyie watu mna shida."

Chuma kilitetemeka, lehemu ikadondoka kwenye kiatu chake. Pazi alilaani kwa Kizaramo, akaanza upya. Ilikuwa mara ya nne. Kalunde alikunja vidole vyake kimoja kimoja, akavinyoosha.

Nyamizi alikuja kwa miguu, bila sare. Leseni yake ilikuwa imechukuliwa alfajiri na hakuonekana kushangaa. Aliamkia, akakaa chini kwenye ngazi ya makasha.

"Yule mama ameamka. Ameomba uji."

"Ahsante Mungu," Pazi alisema bila kuinua kichwa.

"Na mtoto?" Kalunde aliuliza.

"Mtoto tulimwacha kwa bibi yake. Analia tu, mzima." Nyamizi aligeuza simu yake mkononi, akaigeuza tena. Kulikuwa na jambo jingine na Kalunde alilisubiri. "Kuna mtu wa Ugalla. Aliumwa na nyoka, kifutu, jana jioni. Dawa ya sumu ilikuwa hapa Tabora, imeshafungwa kwenye sanduku la barafu. Ndege ya kuipeleka ilikuwa imelazwa. Rubani wake alisoma kuhusu ule waya, lakini hakuthubutu. Walijaribu kuipeleka kwa pikipiki mpaka kwenye mto. Amefariki saa kumi na moja alfajiri."

Pazi aliweka chuma kwenye kishikio chake.

"Hilo si lako," alimwambia Kalunde. "Usilichukue na hilo."

Kalunde alitazama njia ya kurukia, ambayo maji ya mvua yalikuwa yametuama katikati yake na hakuna gurudumu la kuyarusha. Kama angeandika kwa bluu, mtu huyo angekuwa anakunywa uji. Au angekuwa anakunywa uji, na mwingine angekuwa msituni. Alijaribu kuipanga hesabu hiyo jinsi alivyopanga nyingine zote, na akaona haina pa kuanzia.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

Nyamizi alitazama simu. "Lutonja Maganga. Mrina asali. Miaka thelathini na minne."

"Pazi, fungua Daftari."

Pazi alijifuta mikono, akalifungua. Akasogeza ukurasa wa jana, wenye alama nyekundu juu yake na majina yao mawili chini. Akaupitia kwa kidole: toleo, kosa, idadi ya majaribio, walioumia kwa kosa.

"Huyu hakuumia kwa kosa," alisema. "Ameumia kwa sababu tumeliandika. Daftari halina safu ya mtu kama huyo."

"Iongeze."

"Niiandike juu yake neno gani?"

Kalunde aliinama kutoka kizingitini kuutazama ukurasa. Nyamizi aliinua uso, akamtazama.

"Paache wazi," Kalunde alisema. "Andika jina lake kwanza."